Bwawa Nyuma ya Jiko

Wiki ya tatu baada ya kumzika binti yangu, mama mkwe alikuja mlangoni kwangu asubuhi na majembe mawili begani, akaniambia, "Leo sisi chimba."

Sikumwuliza tunachimba nini. Nilifunga kitambaa kichwani nikamfuata.

Ilikuwa mwaka uliofuata Uhuru, kwenye vilima vya juu ya Migori, mahali nilipoolewa. Mimi ni Mkuria, mzaliwa wa Ntimaru, na mume wangu ni Mjaluo. Alikuja kwetu na kikosi cha kutengeneza barabara, wakapiga kambi karibu na kisima tulichotekea maji, na tukazungumza Kiswahili kwa sababu hatukuwa na lugha nyingine kati yetu. Aliponileta kwao nilikuta mama yake hajui Kikuria, nami sijui Dholuo, basi kati yangu na yeye pia tukabaki na Kiswahili, na hicho chenyewe wote wawili tulikuwa tumekiokota sokoni. Tuliweza kuulizana bei. Tuliweza kusema kuni zimekwisha, ng'ombe amekata kamba, mvua inakuja. Kiswahili hiki ninachoandikia nilikipata miaka mingi baadaye, katika madarasa ya ngumbaru.

Binti yangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane. Surua ilipita nyumba kwa nyumba mwaka ule. Nilimpeleka zahanati, nikapewa dawa na kuonyeshwa namna ya kumpa maji kwa kijiko, na kwa siku tatu alikunywa vizuri. Siku ya nne kifua kikambana. Alikufa mchana, mapajani pangu, jua likiwaka, majirani wakipura mtama kama kawaida. Mume wangu alikuwa kazini upande wa Kericho, na alipofika alikuta udongo wa kaburi umeshaanza kukauka. Alikaa siku sita, akarudi kazini, kwa maana ruhusa aliyopewa ndiyo iliyokuwa hiyo.

Sikulia. Siku ya mazishi wanawake walilia kwa sauti kama ilivyopasa, wengine wakijiangusha chini, nami nilikaa mkekani nikitazama vifungo vya gauni la mwanamke aliyekuwa mbele yangu. Vilikuwa saba, kimoja cha rangi tofauti na vingine. Nilijua watu wananiangalia. Nilijua pia wanasema mkamwana wa nyumba ile ana macho makavu. Maneno yao yalinifikia kwa mbali, kama ya watu walioko ng'ambo ya mto. Nilikuwa nikipika, nikifagia, nikiteka maji. Nilikula ugali nikimeza tu, bila kujua kama umeiva au haukuiva.

Mama mkwe hakunisema, na hakunibembeleza. Hatukuwa na maneno ya kazi hiyo.

Alinipeleka nyuma ya jiko, kupita bustani ya mboga, mahali ambapo kijito chembamba kilitoka chini ya mawe na kuteremka hadi kwenye matete. Alikuwa amekwisha kupigilia vijiti vinne na kuvizungushia kamba ya katani. Nilipima kwa hatua: kumi na tano kwa kumi.

"Bwawa," alisema. "Ya samaki."

Nilikuja kuelewa sababu kidogo kidogo. Yeye alizaliwa Homa Bay, ufukweni kabisa, akaletwa huku juu akiwa msichana, na kwa miaka yote hiyo alikula samaki mkavu wa sokoni na kusema kila mara kwamba huyo si samaki, ni kumbukumbu ya samaki. Miezi kadhaa kabla ya msiba wetu alikuwa amehudhuria baraza ambapo kijana mmoja wa serikali aliwaeleza watu jinsi ya kuchimba bwawa na kufuga ngege, wale perege wa ziwani, nyumbani. Watu walimwita bwana samaki, kama walivyomwita mwenzake wa kilimo bwana shamba. Wanaume walimsikiliza wakacheka. Mama mkwe hakucheka, alimwuliza maswali matatu kupitia kwa mkalimani, akaenda nyumbani. Halafu surua ikaja, na mambo ya bwawa yakakaa. Sasa alikuwa ameamua wakati umefika, na kwa nini aliona umefika wiki ile na si nyingine, hakuniambia.

Tulichimba wiki tano. Nilipoinua jembe mara ya kwanza niliona mpini wake una kamba nyekundu, na nikakumbuka kwamba shemeji yangu alitumia jembe hilo hilo kuchimbia kaburi. Nilingoja nione kama kitu kitatokea ndani yangu. Hakikutokea. Nililishusha udongoni, nikaendelea.

Kazi ilikuwa ya aina moja. Yeye alichimba, mimi nilijaza karai na kulibeba kichwani hadi upande wa chini, nikamwaga, nikarudi. Nilipochoka tulibadilishana. Udongo uliotoka shimoni ndio uliokuwa tuta, na kila ulipopanda kiasi cha kiganja tulisimama juu yake tukaushindilia kwa kipande cha gogo, yeye akishika upande huu na mimi ule, tukiinua na kuangusha. Upande wa juu maji yangefika magotini, upande wa chini yangefika kifuani. Siku nyingine hatukusema neno hadi saa ya chakula. Hapo angesema, "Nyathina, maji," yaani mtoto wangu, nipe maji, nami ningempa kibuyu.

Bwana samaki alipita siku moja na baiskeli yake, kaptura ya kaki, soksi hadi magotini. Alishangaa kutukuta wawili tu.

"Mama, wanaume wako wapi?"

"Wapo," mama mkwe alisema, wala hakuacha kuchimba.

Kijana alituonyesha mahali pa kupitisha mwanzi wa kuingizia maji na mahali pa kutolea, na jinsi ya kufunga wavu wa waya kwenye kila mdomo ili samaki wetu wasitoke na wa kijitoni wasiingie. Kisha akanigeukia mimi, akaniuliza kama nimeelewa, kwa vile alisikia Kiswahili changu ni afadhali kidogo kuliko cha mkwe wangu. Nilimwambia nimeelewa. Alisema vifaranga vya serikali watachelewa, pengine hadi baada ya mvua za vuli. Mama mkwe alitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za mtu mwingine.

Tulifungulia maji siku ya Jumatatu. Jumanne maji yalikuwa yamefika vifundoni. Jumatano asubuhi nilikwenda kuchuma mboga nikalikuta tupu, tope tu chini na vyura wawili. Nilisimama pale. Najua mtu mwingine angekaa chini akashika kichwa. Mimi nilichuma mboga zangu, nikarudi jikoni, nikamwambia, "Mama, maji imeenda."

Alishuka shimoni bila viatu. Nisisahau kusema alikuwa mfinyanzi. Vyungu vyake viliuzwa hadi Rongo, na udongo aliujua kwa vidole kama wengine wanavyojua nguo. Alichukua tonge la udongo wa pembe ya chini, akaliviringisha kati ya viganja hadi likawa refu kama kamba, akalikunja liwe bangili. Lilikatika. Akachukua jingine upande wa pili, likakunjika vizuri. Akarudi pembe ya chini, akachimba kwa mkono, akanionyesha mchanga.

"Hii anakunywa maji yetu," alisema.

Kwa siku nne tulibeba udongo wa kufinyangia kutoka shimo lake, karibu na matete, udongo aliokuwa akiutumia kwa vyungu tu na ambao hakumruhusu mtu mwingine kuugusa. Tuliutandaza sakafuni mwa bwawa na pembeni, unene wa mkono uliolala. Halafu alimwita shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu, aje na ng'ombe.

Ng'ombe walikuwa wanane. Tulimwagia maji ule udongo hadi ukalainika, shemeji akawaswaga ndani, akawa anawazungusha huku na huko kwa fimbo, nao wakikanyaga na kukoroma na kuteleza, tope likiruka hadi kwenye mboga. Sisi wawili tulizunguka nyuma yao, nguo tumezifunga juu ya magoti, tukiziba kwa miguu mahali ambapo kwato hazikufika. Majirani walikuja kusimama kando ya ua. Mwanamke mmoja alisema kitu kwa Dholuo, na wengine wakacheka. Nilikwisha kuelewa Dholuo ya kutosha kujua alichosema: kwamba nyumba imefiwa na watu wake wanacheza tope.

Mama mkwe alimjibu bila kupandisha sauti. Sikuelewa yote. Baadaye nilimwuliza alisema nini.

"Nimesema, kuja saidia."

Hakuja. Lakini safari hii maji yalikaa.

Yalichukua siku tisa kujaa, yakitiririka kwa mwanzi kama mkojo wa mtoto. Tulizungushia vijiti pembe moja, tukajaza humo samadi ya ng'ombe na majani makavu, kama tulivyofundishwa. Kila asubuhi nilikwenda kuchochea samadi ile kwa mti. Maji yalianza kahawia, yakawa ya manjano, na wiki ya pili yakageuka kijani. Bwana samaki alikuwa ametuambia tupime kwa mkono: zamisha hadi kwenye kiwiko, na kama huoni tena vidole vyako, chakula kimo cha kutosha. Nilipiga magoti tutani nikazamisha mkono wangu. Vidole vilipotea, kisha kiganja. Nilikaa hivyo kwa muda mrefu nikitazama mkono usio na mwisho, hadi mama mkwe akaniita.

Hatukungoja vifaranga vya serikali; tulikwenda Homa Bay kuchukua samaki. Kaka yake mama mkwe aliishi huko. Miaka ile ziwa lilikuwa limepanda kuliko mtu yeyote alivyokumbuka, na nyumba yake ya zamani ilikuwa ndani ya maji. Aliniita nije nione: paa limebaki kama kofia, na mbele yake shamba la mahindi, mabua meusi yakiwa bado yamesimama safu kwa safu ndani ya ziwa. Yeye alikuwa amejenga upya juu kwenye mawe, na wala hakuonekana kuwa na huzuni. Humo kati ya mabua ndimo vifaranga vya ngege walimojificha wasiliwe na samaki wakubwa. Tuliingia majini asubuhi, mimi nimeshika pembe moja ya kitambaa cha chandarua na yeye nyingine, tukatembea taratibu katikati ya mahindi yaliyokufa, na tulipoinua kitambaa walikuwemo, wadogo kama kucha ya kidole gumba, wakirukaruka.

Mama mkwe alikuwa amekuja na vyungu viwili vipana alivyovifinyanga kwa ajili hiyo. Alisema chungu huwaweka baridi, debe huwapika. Tulivijaza maji ya ziwa hadi nusu, tukatia vifaranga, tukafunika midomo kwa kitambaa, tukavifungia kila kimoja kwenye kata kubwa ya majani.

Basi lilikataa. Kondakta alisema vyungu vya maji vitavunjika na kulowesha mizigo ya watu. Mama mkwe alimweleza kwa Dholuo, kisha kwa Kiswahili, kisha akakaa chini kando ya barabara akaanza kuyachota maji ya chungu kwa kikombe na kuyamwaga tena humo humo kutoka juu, ili yapate hewa. Nami nikafanya vivyo kwa chungu changu. Basi liliondoka.

Tulikuwa bado tunachota na kumwaga wakati lori lilipotukaribia likasimama. Mwenye lori alikuwa mfanyabiashara Mwislamu, mzee wa kanzu na koti, mwenye duka la nafaka Migori mjini. Alimfahamu mama mkwe kwa sababu ya vyungu.

"Mama, mnamwagilia nini hapo?"

"Samaki," mama mkwe alisema.

Mzee alishuka, akafunua kitambaa, akachungulia kwa muda. "Subhanallah. Na mnawapeleka wapi hawa?"

"Nyumbani. Migori. Bwawa iko."

Alimwambia utingo wake apande nyuma juu ya magunia. Sisi tulikaa mbele naye, vyungu tumevipakata kama watoto waliokwisha kuwa wazito, tukichota na kumwaga, tukichota na kumwaga, maji yakituruka mapajani kila gurudumu lilipopiga shimo. Karibu na njia ya kwendea Asumbi alisimamisha lori mwenyewe ili tupumzishe mikono. Alinunua ndizi kwa mwanamke aliyekuwa kando ya njia, akatugawia. Akaniuliza mimi kwa upole, "Binti, watoto wangapi?"

Niliigeuza ndizi mkononi.

Mama mkwe akajibu. "Huyu mtoto yake alikufa. Mtoto mmoja tu. Msichana."

Kwa wiki nyingi nilikuwa nimepewa pole kwa Dholuo, nikazipokea kama mtu apokeavyo mzigo wa mwenzake. Hii ndiyo mara ya kwanza kusikia jambo lile likisemwa kwa lugha niliyomlelea mtoto wangu, kwa maana naye nilimsemesha Kiswahili, ndiyo lugha ya nyumba yetu. Mtoto yake alikufa. Maneno matatu, na yote niliyajua.

"Pole, binti yangu," mzee alisema. "Mungu akupe subira."

"Asante," nilimjibu. Nikachota maji, nikayamwaga. Ndizi ilibaki mkononi mwangu hadi Rongo, ikapondeka.

Tulifika kabla ya jua kuzama. Hatukuwamwaga. Bwana samaki alisema samaki akitupwa ghafla katika maji mageni hufa kwa mshtuko, kwa hiyo tuliviweka vyungu ndani ya bwawa, pembeni, vikielea hadi shingoni, tukawa tunaongeza maji ya bwawa kikombe kimoja kimoja. Halafu mama mkwe aliinamisha chungu chake. Walitoka wenyewe. Katika chungu changu walikufa wengi zaidi kuliko katika chake, sikuwa nimechota sawasawa. Nilimwambia hivyo. Alisema, "Bado iko wengi."

Kwa miezi miwili sikuwa na cha kueleza. Nilichochea samadi, nikatupa pumba na majani ya magimbi, nikafukuza mdiria, yule ndege mla samaki, aliyekuja kukaa kwenye mwanzi. Mdiria alirudi kila mara. Samaki walikua hadi kufikia urefu wa kiganja. Niliwaona wakati mwingine saa za jua kali, vivuli vinavyogeuka pamoja. Mume wangu alituma barua, shemeji akatusomea. Nilisikia kila neno, na sasa siwezi kukumbuka hata moja.

Halafu zikaja siku tatu za mawingu mazito, bila mvua, bila upepo, hewa imesimama. Siku ya nne, alfajiri imeshapambazuka, nilitoka na mti wangu wa kuchochea nikakuta uso wa bwawa umejaa vidoti. Nilidhani ni mvua. Nilipokaribia niliona ni vinywa. Samaki wote walikuwa juu, wamesimama wima ndani ya maji, na vinywa vyao nje, vikifunguka na kufumba, vikifunguka na kufumba, bila sauti yoyote. Wengine walikuwa wamekwisha kulala ubavu.

Nilikijua kile kitendo. Nilikitazama hadi mchana ule, mapajani pangu, nikiwa na kijiko mkononi.

Sikumbuki kuamua. Nilikuwa majini, maji yamefika kiunoni, na ule mti nilikuwa nikiupiga juu ya maji kwa nguvu zangu zote, kushoto, kulia, maji yakipanda juu na kurudi kama mvua. Nilikuwa nikipiga kelele pia. Mama mkwe ndiye aliyeniambia baadaye kwamba nilipiga kelele kwa Kikuria. Alikuja mbio, nguo ya ndani tu, na ungo mkononi, akaruka ndani upande wa pili, mama mzima wa wajukuu, akaanza kuyachota maji kwa ungo na kuyarusha hewani.

"Fungua mwanzi," aliniambia. "Maji mpya."

Nilipanda, nikaung'oa wavu wa waya uliokuwa umezibwa na majani, maji ya kijito yakaingia kwa wingi. Nikarudi ndani. Tulipiga maji hadi mikono ikafa ganzi. Tulipiga tukipokezana. Ilikuwa karibu saa tano ndipo mawingu yalipopasuka na jua likatoka, na vinywa vikaanza kupungua, kimoja kimoja, hadi ukabaki uso mtupu wa maji ya kijani na takataka.

Tulikaa tutani, tumelowa, tunatetemeka. Wengi wao walipona. Waliokufa tuliwaokota, wakajaa ungo, na nikaona mama mkwe anawatazama kwa jicho la mpishi. Baadaye bwana samaki alitueleza kwamba samadi ilikuwa nyingi mno, na siku za mawingu maji ya namna hiyo huishiwa na hewa. Alisema tulifanya sawasawa. Alisema hata yeye asingejua kufanya vingine.

Mchana ule mama mkwe alipika wale samaki wabichi, kwa nyanya na vitunguu, katika chungu chake. Tulikula jikoni, nguo zetu zikikauka juu ya ua. Nilichovya tonge, nikaweka mdomoni, nikaacha kutafuna.

"Mama," nilisema, "chumvi mingi."

Aliniangalia. Alichovya tonge lake, akaonja. "Ndiyo," alisema, "mingi sana." Akacheka, kicheko kifupi cha puani, akaniongezea mchuzi. Nilikula hadi nikamaliza. Ulikuwa na chumvi mno, na mwiba ulinikwama, na mkono uliniuma kila nilipouinua.

Nisiseme kwamba siku hiyo nilipona. Nililia wiki mbili baadaye, nikisaga mtama, bila sababu, na tena siku iliyofuata, na baada ya hapo nililia mara nyingi hata nikachoka na kilio. Mama mkwe alinikuta mara moja. Hakuniambia ninyamaze. Aliketi upande wa pili wa jiwe la kusagia, akaendelea kusaga pale nilipoachia.

Mume wangu alirudi Krismasi. Alikuwa amekonda. Siku ya pili yake alizunguka bwawa mara mbili, akalijaribu tuta kwa mguu, akachungulia mdomo wa mwanzi, kama wafanyavyo watu wa barabara. Aliuliza nani alituwekea udongo huu, nikamwambia. Aliuliza kuhusu ng'ombe, nikamweleza. Tulikaa kwenye majani. Samaki walikuwa wakija juu kuchukua pumba nilizowatupia.

"Mimi sikuwepo," alisema.

Nilidhani anasema habari za kuchimba. Nikasema si kitu, shemeji alisaidia.

"Hapana. Siku ile. Hakuna mtu aliyeniambia ilikuwaje. Nilipokuja kila mtu alinipa pole tu."

Miezi yote hiyo nilikuwa nimefikiri hataki kujua. Yeye alikuwa amefikiri mimi siwezi kusema. Nilimwambia ilikuwa asubuhi nzuri, aliamka akataka uji, nikampa, akanywa vijiko vinne. Nilimwambia na yaliyofuata, saa kwa saa, kwa maneno yale machache tuliyokuwa nayo, na yalitosha. Alinisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika kifundo cha mguu wangu. Jogoo walikuwa wakiwika ovyo mchana huo, na mama mkwe jikoni aliimba wimbo wa kanisani akipepeta.

Alirudi kazini baada ya mwaka mpya. Mwaka uliofuata nilimzaa mtoto wa kiume, kisha wasichana wawili. Ngege walizaana hata bwawa likawajaa, wakawa wadogo wenye vichwa vikubwa, na bwana samaki akatushauri tulikaushe tuanze upya, nasi tukalikausha, tukaugawia ujirani mzima samaki, pamoja na yule mwanamke aliyetucheka kando ya ua, ambaye alichukua ungo mzima. Tulianza upya mara mbili. Mama mkwe alipozeeka na magoti kumkataa, nilichimba mimi na yeye akakaa kwenye kiti kandokando ya mboga, akinielekeza kwa Dholuo, na mimi nikimjibu kwa Dholuo, kwa matamshi yaliyomchekesha.